Jino Lisilo na Tundu

Tulimwita Mlangoni, lakini si mbele yake. Jina lilitokana na kazi yake. Mgonjwa akifika tu mlangoni pa chumba namba mbili, kabla hajakaa, kabla hajamaliza kusalimia, yeye alishajua anaumwa nini. Aliinua macho, akatazama mara moja, kalamu ikaanza kutembea. "Kaa. Homa tangu juzi, eti? Na kichwa?" Mgonjwa anaitikia huku ametoa macho, na mimi nyuma ya pazia nacheka kimyakimya.

Mimi ndiye muuguzi wa chumba hicho. Nimekaa naye miaka kumi na tisa, meza yangu pembeni ya yake, kati yetu pazia la kijani lililopauka. Kazi yangu ni kupima presha, joto na uzito, kuandika namba, na kunyamaza. Hiyo ya mwisho haikuwamo kwenye barua ya ajira, lakini ndiyo niliyoifanya vizuri zaidi. Wagonjwa wananiita Sista. Wasionipenda wananiita Sista Pilipili, na sina ugomvi nao.

Asije mtu akadhani namsema mwenzangu vibaya. Kituo chetu ni kidogo: vyumba sita, mabenchi manne, bomba moja, na foleni inayoanzia getini. Watu tisini kwa siku, wakati mwingine mia. Bila macho ya yule bwana foleni ingetumeza. Na macho yake hayakuwa ya kubahatisha tu. Mwaka mmoja aliingia mwashi aliyekuja kwa ajili ya shingo iliyokaza, anatabasamu. Mlangoni akamtazama midomo, akasimama. "Huyu hacheki," alisema. "Fungua mdomo, baba." Mdomo haukufunguka. Ilikuwa pepopunda, kutokana na msumari aliokanyaga wiki moja nyuma na kuusahau. Alipelekwa hospitali kubwa siku ileile, akapona, na mpaka leo hupita kutusalimia.

Nadhani hapo ndipo mwenzangu alipoharibika. Ukikisia sawasawa mara elfu, unasahau kwamba unakisia.

Tulikuwa na utaratibu wetu pale, sijui kama uko kwingine. Mgonjwa wa siku nyingi, wa ugonjwa uleule, hakuwa na haja ya kupanga foleni. Alipitisha faili lake kwenye dirisha dogo la pembeni. Mlangoni aliangalia ukurasa wa mwisho, akaandika neno moja, "Rudia", akaweka sahihi, na faili likaenda kwenye dawa. Tena ili kazi iwe nyepesi zaidi, karani wa mafaili aliandika kwa penseli kwenye kona ya jalada neno la kutujulisha nani ni nani: Presha. Pumu. Vidonda. Tuliuonea fahari utaratibu huo. Wenzetu wa vituo vingine walikuja kuuiga, na mimi ndiye niliyewatembeza na kuwaonyesha dirisha.

Kaka yake Mlangoni alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake iko chini ya kilima, nyumba yake juu. Alimzidi mdogo wake miaka tisa. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mwenzake aendelee, na alimfundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye makopo ya grisi. Hayo hakuyataja hata siku moja, niliyasikia kwa mkewe. Alichokuwa anasema, tena kwa sauti, mbele ya foleni nzima, ni, "Dogo yupo?" Daktari mzima, mvi kichwani, anaitwa Dogo. Foleni ilicheka, na Mlangoni alicheka kuliko wote.

Miaka kumi nyuma fundi huyu aliumwa tumbo kweli. Hospitali kubwa walimwingiza mpira wenye kamera, wakaviona vidonda kwa macho yao. Alitibiwa, akapona. Penseli ya karani haikufutwa. Kila aliyelishika faili lile alisoma neno la kwenye kona kwanza, mtu baadaye.

Aliporudi, miezi mingi baada ya mara yake ya mwisho, alichungulia tu mlangoni na kuweka kiganja katikati ya kifua.

"Dogo, mambo yangu yale yameanza tena."

"Umeanza kuruka chakula."

"Kazi nyingi bwana."

"Kazi gani hiyo isiyokuacha ule? Utanitia aibu, watu waseme kaka yake daktari kafa njaa."

Walicheka. Fundi hakukaa hata kwenye kiti. Kalamu ilikuwa imeshaandika vidonda vya tumbo, vidonge vya kutafuna, na dawa ya asubuhi na jioni.

Wiki tatu baadaye alirudi. Vidonge vilisaidia kidogo, alisema, kisha vikaacha kusaidia. Mlangoni akampa vyenye nguvu zaidi. Vikisaidia, ni vidonda. Visiposaidia, ni vidonda sugu. Hapakuwa na jibu ambalo fundi angelitoa likaling'oa lile neno kwenye karatasi. Haya nayaona leo. Siku ile niliona daktari anafanya kazi yake, nikaendelea na yangu.

Kesho yake nikamwona tena, mara hii anatoka chumba cha meno kilicho mkabala na chetu, pamba mdomoni. Mtu wa meno tunamwita Koleo. Ana mikono myepesi na subira fupi. Alikuwa amemng'oa jino la chini, upande wa kushoto, na kwa kuwa fundi alisema anaona kizunguzungu, alimleta kwangu apimwe presha.

Fundi alikaa, akanyoosha mkono. Alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya ganzi. "Sista, hili jino lilikuwa na visa. Nikikaa, halina neno. Nikianza kupanda kilima, linavuta, taya lote hili mpaka chini ya sikio. Nikisimama nikapumua, linatulia."

Nikamfunga kile kitambaa cha kipimo, nikaanza kubonyeza pampu. "Jino lina akili kuliko wewe," nikamwambia. "Linakuuliza, fundi baiskeli mzima, kwa nini unatembea kwa miguu?"

Alicheka mpaka pamba ikataka kumtoka. Presha ilikuwa juu kidogo. Niliiandika, nikamwambia apunguze chumvi, akaenda zake.

Nilisikia. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Sikuwa nimesinzia, sikuwa na watu wengine mezani. Nilisikia kila neno, nikalifanyia mzaha, na pazia lilikuwa mkono mmoja kutoka nilipokaa.

Mara ya mwisho foleni ilikuwa imefika getini. Fundi hakutaka kumsumbua mdogo wake, akapitisha faili dirishani. Nilimwona kwa nje, amekaa kwenye benchi, anajifuta jasho na kitambaa cha karakana chenye mafuta. Mlangoni aliandika "Rudia". Aliinua mkono kumpungia, na kaka mtu akampungia.

Siku nne baadaye, saa tatu asubuhi, fundi alianguka katikati ya kilima akiwa anasukuma baiskeli ya mteja. Wapita njia walimpakia kwenye gari mpaka hospitali kubwa. Aliishi saa mbili. Walimpima moyo kwa mashine ya umeme, na kwa kuwa alikuwa bado anaweza kuongea, walimuuliza maswali, akayajibu yote. Kisha daktari wa huko, binti mdogo kwa sauti yake, akapiga simu kituoni. Mlangoni aliipokea mbele yangu.

"Amesema kifua kinabana na taya linavuta kila anapopanda kilima, kwa miezi miwili sasa," alisema yule binti. Simu zetu za zamani zinapiga kelele, niliyasikia yote. "Hakuwahi kupimwa moyo huko kwenu?"

"Hapana," alisema Mlangoni.

"Sawa," alisema binti. "Pole sana, daktari. Tumempoteza."

Aliweka simu mezani. Akatazama mlangoni, alikokuwa amesimama mama mmoja na mtoto, na niliyaona macho yake yakifanya kazi yake ya siku zote, yakatazama mara moja. Kalamu haikutembea. Akamwambia yule mama samahani, akatoka nje kwa miguu yake, polepole, kama mtu anayekwenda chooni.

Alizika Jumamosi, Jumatatu akawa kazini. Nilimsubiri alie, nami nilie kwa nafasi hiyo. Hakulia, na mimi sikulia. Watu waliopita kutoa pole walimkuta anaandika. "Asante, asante," anasema, "na wewe kikohozi kina siku ngapi?" Nilikuwa napima presha, nasoma namba, naandika, na usoni nilijihisi kama fundi siku ile ametoka kwa Koleo. Unajua shavu lako lipo. Unalibonyeza, halikujibu.

Kwa familia, fundi alikufa ghafla. Mungu amemchukua, walisema, na wakashukuru kwamba hakuteseka. Pale kituoni, waliojua kuwa alikuwa amebisha hodi kwetu mara tatu na tukamrudisha na vidonge vya kutafuna walikuwa wachache, na wote walikuwa na sababu ya kuvaa miwani ya mbao. Kituo hakikumuuliza Mlangoni. Hata mkuu wa kituo alipolipitia faili, alisema tu kwamba limeandikwa vizuri.

Wiki ya tatu mke wa fundi akaja. Ni mwanamke mrefu, mshonaji, asiyepoteza maneno. Alikaa mbele ya meza ya shemeji yake, akafungua kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakiweka katikati. Ndani yake palikuwa na jino.

"Nimelikuta mfukoni mwa shati lake la kazi," alisema. "Nimelisafisha. Nimeligeuza kila upande, shemeji, halina tundu. Halina hata doa. Jino zima hivi liling'olewa kwa nini?"

Mlangoni alilitazama muda mrefu. "Niachie nilichunguze," alisema.

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

Akaenda. Jino likaingia kwenye droo, na swali lake pamoja nalo. Ilikuwa wazi kwangu, na naamini kwake pia, kwamba jibu lilikuwa moja tu, na kwamba siku atakapolitoa hatakuwa tena na ndugu katika nyumba ile ya juu ya kilima. Watoto wa fundi walimwita baba mdogo. Mke wa fundi bado alimtumia chakula cha mchana kwenye kibakuli chenye mfuniko, kila Ijumaa, kama zamani. Alikuwa anakila chote, na kukisafisha, na kukirudisha.

Kesho yake, wagonjwa walipokwisha, alimwita Koleo. Akaliweka jino kwenye kisahani cha bati, likagonga.

"Hili ulilitoa wewe."

Koleo alilishika, akaligeuza kwenye mwanga. "Zima," alisema.

"Ulimuuliza linauma wakati gani?"

"Mtu kashika shavu, kanionyesha jino kwa kidole, nimuulize nini tena? Watu ishirini nje!" Kisha hasira ikampanda, maana alihisi anaelekezewa kidole. "Na wewe? Mara tatu kaja kwako, tena ndugu yako wa tumbo moja. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza," alisema Mlangoni. "Hakuna aliyemuuliza."

Basi nikapiga moyo konde, nikafungua pazia. "Hakuhitaji kuulizwa," nikasema. "Aliniambia mimi. Kilima, taya, akisimama linatulia. Alinieleza yote siku alipong'olewa, amekaa hapa."

Koleo aliinamisha kichwa. Mlangoni aligeuza kiti kunitazama, na nakumbuka sikuona hasira usoni mwake. Ingekuwepo ningejua pa kujificha.

"Hukuniambia," alisema.

"Hapana."

"Kwa nini, Sista?"

Nilitafuta jibu la kunisitiri. Lililotoka ni la kweli. "Ulikuwa umeshaandika."

Koleo aliondoka kwanza. Sisi wawili tulifunga madirisha, nikazima feni, akachukua koti lake.

Baada ya hapo akaanza kutusumbua. Sitamremba: kwa wiki mbili nzima alikuwa mzigo. Kila aliyeshika kifua alimwona kaka yake. Aliyekohoa, moyo. Aliyemeza mwiba wa samaki, moyo. Mbeba mizigo aliyeangukiwa na gunia aliandikiwa barua ya hospitali kubwa apimwe moyo, akarudi na kikaratasi kutoka kwa yule binti wa simu: moyo wake ni mzima kabisa, daktari, ila ana mbavu mbili zimevunjika, hamkumgusa? Nilimsomea kwa sauti. Zamani angecheka.

"Nimehama nyumba tu," alisema. "Zamani niliona vidonda kila mahali. Sasa naona moyo."

Alikwenda chumba cha mafaili, akamwomba karani amtolee yote yenye neno Vidonda kwenye kona. Yalikuwa sitini na moja. Kwa siku tano, kila saa ya chakula, tulikaa mimi na yeye tukiyasoma. Sikuombwa kukaa, nilikaa. Tulikuta neno lilelile limenakiliwa kutoka mwandiko mmoja kwenda mwingine, miaka na miaka, na katika mafaili mengi hakuna aliyejua nani alilisema kwanza. La mama mmoja lilianzia kwa jirani yake, tena limeandikwa hivyo hivyo: "jirani asema ni vidonda." Swali la mtu anaumwa akiwa anafanya nini tulilikuta mara nne. Mlangoni alichukua kifutio, akafuta kona zote sitini na moja, akapuliza vumbi la penseli.

Mafaili mengine tulimpelekea karani ayafute mwenyewe, akafuta shingo upande. Dirisha la pembeni nalo likafungwa kwa misumari.

Kisha akaanza mtindo wake mpya. Mgonjwa anaingia, yeye ameinamisha uso, hamtazami mpaka akae. Kalamu iko upande wangu wa meza, hana hata njia ya kuishika. Anasema, "Nieleze kama hunijui. Anza mwanzo." Watu tunaofahamiana nao tangu wana nywele nyeusi wanatazamana. "Daktari, ni mimi!" "Najua. Nieleze kama hunijui." Akimaliza mgonjwa, anageuka kwenye pazia, ambalo sasa halifungwi. "Sista, umesikia nini?" Nikishasema langu, anajiuliza kwa sauti, "Na kama si hilo, ni nini?" Ndipo nampa kalamu.

Foleni ilichacha. Watu tisini wakawa sitini, wengine wakarudi nyumbani bila kuonwa, na sidhani wote walirudi wakiwa salama. Mkuu wa kituo alimwita mara mbili. Hatukumwita tena Mlangoni, na hatukumpatia jina jingine. Alikuwa anafanya yote hayo bila uchungu wala furaha, sawa na mtu anayefua nguo. Lakini jino bado lilikuwa kwenye droo, na Ijumaa kibakuli kilikuja.

"Utamwambia lini?" nilimuuliza Ijumaa moja, maana nilichoka kukitazama kile kibakuli.

"Nikimwambia, watoto hawatakuja tena."

"Wasipokuja?"

Alifunika kibakuli.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, asubuhi, mke wa fundi akaja na faili lake mkononi kama mgonjwa. Alikuwa amepanga foleni kama watu. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Nilipolipokea faili nikaona karani amesahau agizo. Kwenye kona, kwa penseli, palikuwa na neno moja: Msiba. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisema moyoni kabla sijalisoma. Mjane, miezi mitatu, hali chakula, halali usingizi. Kuna haja ya kuuliza?

Alikaa. Hakuanza na ugonjwa.

"Shemeji, uliniahidi kuhusu jino."

Nilitazama sakafu. Nilisikia droo inafunguliwa, karatasi inawekwa mezani.

"Jino halikuwa na ugonjwa," alisema. "Kilichokuwa kinamuuma ni moyo. Moyo ukikosa damu, maumivu yanaweza kupanda mpaka kwenye taya. Alikuwa na ugonjwa huo tangu siku ya kwanza aliyokuja kwangu. Alikuja mara tatu. Sikumkalisha, sikumuuliza. Nilimwandikia vidonda kwa sababu nilimjua. Mara ya mwisho niliandika Rudia, nikampungia mkono tu. Angepimwa mapema, pengine angekuwa hai. Siwezi kuapa, lakini pengine."

"Na mimi aliniambia," nikasema. "Habari ya kilima. Sikuifikisha."

Mke wa fundi hakugeuka kunitazama. Aliweka kidole kwenye lile jino, akalizungusha taratibu, mara moja, mara mbili.

"Nilimwambia aende hospitali kubwa," alisema. "Zile wiki za mwisho. Nauli nilishamtolea, nguo nikampigia pasi. Akakataa. Akasema, nikionekana kule, watu watasema hata kaka yake hamwamini. Dogo ataaibika." Alisema bila kupandisha sauti. "Kwa hiyo alikuwa anapanda kilima anasimama, anapanda anasimama, ili usiaibike."

Nimeona watu wakipokea habari mbaya miaka yangu yote, najua namna mwili unavyozipokea. Mwili wa Mlangoni haukufanya lolote. Mikono ilikuwa juu ya meza, ikabaki juu ya meza. Nje mtu alikohoa, benchi likalia. Nilitaka kulia na sikuweza, na niliona haya kwamba siwezi.

Hatimaye alilivuta faili la shemeji yake. Akaliona neno la kwenye kona. Alichukua kifutio, akafuta mpaka karatasi ikachubuka, akapuliza. Akainamisha uso.

"Nieleze kama hunijui," alisema. "Anza mwanzo."

Mke wa fundi alikunja karatasi yenye jino, mara nne, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Sikujui, daktari," alisema.

Miaka yote hakuwahi kumwita daktari. Alikuwa shemeji, na kwa utani mume mdogo. Mlangoni aliitikia kwa kichwa, mara moja, na akasubiri. Na yule mama akaanza kweli mwanzo, kwa sauti ya mtu aliyetoka mji mwingine. Anachoka. Anaamka amechoka. Hana hamu ya kufanya kitu. Cherehani anaitazama tu. Anakonda. Hapana, chakula anakula, anakula sana, ila hakionekani kinakokwenda. Usingizi unakatikakatika.

"Unakatika kwa nini?"

"Kwenda chooni."

Alipomaliza, Mlangoni aligeuka. "Sista, umesikia nini?"

Nilikuwa nimetazama gauni lake. Lilikuwa limepunguzwa kiunoni, pande zote mbili, kwa mshono wa cherehani, mshono wa mtu aliyekuwa na muda na mkono uliotulia. Uzi ulikuwa umeshafifia kwa kufuliwa. Alishasema cherehani haigusi.

"Gauni hili ulilipunguza lini, mama?" nikamuuliza.

Alijitazama kiunoni, kama hakuwa ameliona. "Kabla," alisema. "Yeye akiwepo. Alikuwa ananicheka, ananiambia wewe unakunywa maji kama ng'ombe na unene unakukimbia."

"Kabla ya msiba," alisema Mlangoni.

"Kabla."

Sikungoja kuambiwa. Nilichukua kikopo, nikampeleka chooni, nikachovya kile kikaratasi cha kupimia mkojo. Kiligeuka rangi mpaka ya mwisho kwenye kipimo. Nikatoboa kidole kuhakikisha. Sukari ilikuwa imepanda kiasi ambacho sijakiona mara nyingi kwa mtu anayetembea.

Mlangoni alimweleza taratibu. Ni kisukari, kipo tangu muda, kinatibika kwa maana ya kutawalika, leo ataanza dawa na kesho atakwenda hospitali kubwa na barua. Alimuuliza kama ameelewa. Akamwomba arudie kwa maneno yake, naye akarudia vizuri, neno kwa neno, huku anatazama ukuta.

"Kwa hiyo ningekufa," alisema mwishoni, "na watu wangesema ni majonzi."

"Ndiyo," alisema Mlangoni. "Hata mimi ningesema."

Ndipo nikampa kalamu, akaandika. Mke wa fundi alichukua karatasi zake, akasimama. Ilikuwa Ijumaa, na mkono wake mwingine haukuwa na kibakuli. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nirudi lini, daktari?"

Nilimwona Mlangoni anafungua mdomo kusema shemeji. Nilimwona anaufunga.

"Jumatatu, mama," alisema, kama anavyowaambia wagonjwa wote.

Akaitikia, akatoka. Mlangoni aliirudisha kalamu upande wangu wa meza, akainamisha uso, na kumwambia anayefuata aingie.